Kunuswa Mikono Kila Asubuhi

Nikiwaambia watu wa mtaani kwetu Waberi kwamba nimestaafu, wanaangalia ndevu zangu wakitafuta mvi. Hawazipati. Nina miaka thelathini na mitatu. Lakini mgongo wangu una hesabu yake ya miaka, na majuzi, nikiwa nimeinamia mtungi wa maziwa, ulinijulisha kwamba wenyewe umeshamaliza kazi, nami nikitaka, niendelee peke yangu. Kwa hiyo narudi shambani kwa baba, kando ya mto, kupanda ndimu. Nimeshaliona shamba lote kichwani: mistari ya miti, mashine ya maji, na kibao chenye jina langu barabarani. Miti bado sijanunua, lakini kibao nimeshakichagulia rangi.

Ninyi mnaobaki na pikap na mitungi mliniomba niwaandikie ninayoyajua, kwa sababu nikiongea naruka huku na kule. Sawa. Nilisoma mpaka darasa la nane, mtanivumilia. Sitaandika habari za mshahara, wala za siku niliyofanywa mkuu wa mapokezi ya maziwa, maana siku hiyo sikuhisi tofauti yoyote ila uzito wa funguo mfukoni. Nitaandika habari za moshi, na za pua ya mtu mmoja.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwenye uwanja wa maziwa alfajiri nikiwa na miaka kumi na tisa na shati nililovaa kwenye harusi ya kaka yangu. Kina mama wa maziwa ya ngamia walikuwa wameketi kwenye mitungi yao wakisubiri gari. Kiongozi wao alikuwa Eedo Habiba. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na mwanamke wa umri wake hapa Garissa humwiti jina tupu. Aliniangalia shati, akaniangalia tena.

"Waryaa, kijana, umekuja kuoa au kubeba?"

"Kubeba, Eedo."

"Basi hiyo shati itakufa leo."

Likafa kabla ya saa nne. Akaniuliza ninataka kuwa nani duniani, nami nikamjibu kweli kabisa kwamba nataka kuwa rubani wa ndege. Walicheka mpaka mmoja wao akaanguka kutoka kwenye mtungi. Tangu siku hiyo jina langu Bakari lilibaki kwenye kitambulisho tu. Uwanjani nilikuwa Rubani. Rubani, leta mtungi. Rubani, ndege yako imeharibika, sukuma.

Jambo la kwanza nililofundishwa ni kufukiza. Mtungi unaoshwa kwa maji ya moto, unasuuzwa mpaka usahau kwamba ulipita sabuni, unaanikwa juani mdomo chini. Kisha unachukua vipande vya kuni kavu. Si kuni yoyote tu, kila mama ana mti wake anaouamini na hatakutajia kirahisi. Unaviwasha mpaka viwe makaa yenye moshi, unavitumbukiza ndani, unafunga kifuniko, unatikisa. Ukishamwaga makaa, unapangusa majivu kwa kitambaa safi. Maziwa yatakayoingia humo hayataharibika upesi njiani, na yatakuwa na ile ladha ambayo mnywaji wa Garissa akiikosa anauliza kama ngamia alikuwa mgonjwa.

Eedo alinishika shingo akaniinamisha kwenye mdomo wa mtungi. "Nusa. Huyu ni mimi." Akanisogeza kwenye mwingine uliofungwa uzi wa kijani. "Nusa. Huyu ni Dekha." Dekha alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mtu wa maneno machache. Moshi wake ulikuwa na utamu fulani nyuma yake, kama mkate unaokaribia kuiva. Ndani ya mwezi mmoja niliweza kuwatambua wote nikiwa nimefumba macho. Hiki ndicho kipaji pekee nilichogundua katika maisha yangu, na hakina cheti.

Dereva wetu alikuwa Adeer Noor, mzaliwa wa Griftu, mrefu kiasi kwamba magoti yake yaligusa usukani. Adeer maana yake ni ami. Alinifundisha kufunika mitungi kwa magunia yaliyolowa ili upepo uipooze, kufunga kamba upande wa pili wa upepo, na kutomwamini mtu yeyote anayesema "ngamia wako hapo tu mbele." Tulikuwa tukisubiri hao ngamia wa hapo tu mbele, tumelala chini ya pikap kwenye kivuli chake, ndipo aliponipa sigara yangu ya kwanza.

"Vuta, Rubani. Jua litakuwa fupi."

Jua halikuwa fupi hata kidogo. Lakini nilipata kitu cha kuishughulisha mikono yangu. Msimlaumu Adeer. Yeye alinipa moja. Zilizofuata nilizitafuta mwenyewe kwenye vibanda, moja moja, kama mtu anayejidanganya kwamba yeye si mnunuzi. Na kazi yetu inamlea mvutaji. Kiberiti kiko mfukoni siku nzima kwa ajili ya kuni, na mtu anayenuka moshi haulizwi na yeyote.

Miaka sita ilipita hivyo. Ramadhani nilifunga mchana kutwa bila sigara, nikajisifu kwamba naweza kuacha nikitaka. Adhana ya magharibi ikilia, tende moja, kisha moshi, mimi na Adeer tumechuchumaa pamoja. Eedo alikuwa akipita anatutazama. "Mchana mashehe, jioni majiko." Siku moja nilimkuta binti yangu mdogo akicheza mchezo wa baba na mama na mwenzake, na ilipofika zamu yake ya kuwa baba, alikohoa. Hilo tu ndilo alilofanya ili aonekane ni mimi. Kesho yake nilitupa pakiti nzima mtoni kutoka darajani. Nilijisikia shujaa mpaka nilipofika ng'ambo, upande wa Madogo, nikanunua nyingine.

Sasa nifike kwenye kosa.

Dekha alikuwa akimuuguza mama yake, akaniomba nimfukizie mitungi yake kwa muda. Aliniachia kuni zake, na hiyo ni heshima kubwa, mjue. Nilikuwa na haraka, kwa hiyo nikajipangia njia fupi. Sigara ikae mdomoni, kuni iwashwe kwa sigara, na majivu, badala ya kupangusa kwa kitambaa, niyapulize yatoke. Phuu, mtungi wa kwanza. Phuu, wa pili. Nilikuwa napuliza ndani ya mtungi wa maziwa kwa mdomo uleule wenye sigara, na nilijiona fundi.

Maziwa ya uzi wa kijani yakaanza kurudi. Mwenye hoteli mmoja alisema yana uchungu, yananuka kama chumba cha mabachela. Kina mama wakaanza kunong'ona kwamba mkono wa Dekha umeharibika, labda anachanganya kitu, labda hasafishi. Katika biashara hii mtu ni mkono wake. Ukishasemwa mkono, umesemwa wote. Siku ya kwanza sikuelewa. Siku ya pili nilielewa vizuri sana. Siku ya tatu na ya nne niliishusha mwenyewe mitungi yake iliyorudi, ikiwa mizito vilevile kama ilivyoondoka, na nikanyamaza. Mimi ninayelia nikiona mbuzi mgonjwa.

Siku ya tano Eedo Habiba aliinuka. Alinusa kuni za Dekha. Alinusa maji, kitambaa, viganja vya Dekha, cha kulia na cha kushoto. Kisha akanijia mimi.

"Fungua mdomo."

Nikafungua, mbele ya uwanja mzima.

"Dekha," aliita bila kugeuka, "mkono wako ni mzima. Ni ekzosi ya huyu."

Hakuna aliyecheka. Mtu akiharibu maziwa ya mwenzake anaondoka, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Nilianza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

"Unaenda wapi?" Eedo akauliza. "Kwanza, utaenda na Dekha kila mlango uliorudisha maziwa hii, useme kwa mdomo huohuo. Pili, sitakufukuza. Nitakunusa. Kila asubuhi kabla ya kugusa mtungi, unaleta mkono na mdomo. Siku unanuka, usiguse. Ukigusa ukiwa unanuka, hapo wallahi tumeachana."

Tulitembea mjini, Dekha mbele, mimi nyuma na mtungi begani. Milango ilikuwa mitano, na kwenye kila mmoja nilirudia: si yeye, ni mimi, nilipuliza nikiwa na sigara. Kwenye ile hoteli ya kwanza kurudisha, mwenyewe alijifuta mikono kwenye aproni akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye bachela?"

"Nimeoa, mzee."

"Pole yake."

Akanusa mtungi uliofukizwa upya, akamimina kikombe, akanywa taratibu. "Haya. Huyu sasa ni Dekha." Akaupokea. Tulipotoka, Dekha alisimama kivulini, na ndipo aliponisemesha.

"Rubani, watoto wangu waliniuliza kwa nini maziwa yanarudi. Ningewajibu nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nilibaki nimeshika kifuniko kama mtu aliyesahau kilikotoka.

Siku mbili baadaye nilikwenda zahanati, nikisema nimefuata dawa ya kikohozi. Muuguzi alikuwa Sista Mwende, mtu wa Kitui aliyeletwa hapa na serikali, akatuzoea kuliko tulivyomzoea. Alinisikiliza kifua, akaniuliza moja kwa moja kama navuta, nami nikamwambia yote, hadi phuu.

"Umeshajaribu kuacha?"

"Mara mbili."

"Na nani?"

"Peke yangu. Na mto."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia mambo ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo, nanyi yachukueni. Kwamba hamu ya sigara ikija inabana dakika chache tu, kisha inalegea, hata usipoipa kitu. Kunywa maji, tembea, shika kitu mkononi. Kwamba siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi, nitakuwa mkali, nitalala vibaya, huenda nikakohoa zaidi kabla ya kukohoa kidogo, na hiyo si dalili ya kufa. Kwamba nichague siku na niitangaze. Kwamba nikiteleza nirudi kwake, nisijifiche. Na kwamba kuna dawa za kusaidia, zikipatikana atanipa, zisipopatikana tutaendelea hivyohivyo. Hazikupatikana. Tuliendelea hivyohivyo, kila Alhamisi, naye hakuniuliza hata mara moja kwa nini sikuacha mapema.

Nilichagua Jumatatu. Adeer Noor nilimwambia ndani ya gari, nikiogopa atanicheka.

"Mimi nimezeeka nayo, siachi," alisema. "Lakini ndani ya gari hii haitawaka tena. Mimi ndiye niliyekupa ile ya kwanza. Nilidhani nakupa kivuli."

Na kweli, kuanzia siku hiyo akitaka kuvuta alisimamisha gari, akashuka na miguu yake mirefu, akaenda upande ambao upepo haukuja kwangu, mbali hata nikamwona kama kijiti. Fikirini mtu wa miaka ile, kwenye jua lile, anatembea hivyo mara nne kwa siku kwa ajili ya mpakiaji wake. Tulikuwa tunachelewa. Hakuna mama aliyelalamika.

Asubuhi nilinyoosha mikono. Eedo ananusa kulia, ananusa kushoto, ananusa mdomo, kisha anasema neno moja: "Pita." Wiki ya kwanza niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki ya pili kina mama wengine wakajiunga, kila mmoja anataka kuhakikisha mwenyewe.

"Huyu anapumua vitunguu, mpelekeni kwa mke wake."

"Wacha kitunguu, kitunguu ni halali."

"Rubani, siku ngapi leo?"

"Kumi na moja!"

"Mashallah, ndege imepaa!"

Zeinabu mke wangu alisema sijawahi kuamka mapema kwa furaha hivyo hata tulipokuwa wachumba.

Wiki ya tano nilianguka. Tulikuwa tumetumwa Sangailu kuangalia kama maziwa ya kule yanaweza kufika mjini. Gari likazama mchangani, jua kali, maziwa yanaanza kuchachuka na mimi ndiye niliyesema njia ni nzuri. Mpita njia mmoja akasimama kutusaidia kusukuma, na baadaye akatoa pakiti kwa ukarimu tu. Adeer alikuwa chini ya gari, hakuona. Nilivuta moja yote. Nawaambia ukweli, ilikuwa tamu kwa dakika mbili, kisha nikataka kujichimbia kwenye mchanga uleule.

Kesho yake nilijisugua kwa ndimu, nikapiga mswaki mara tatu, nikajipaka uturi wa Zeinabu. Nilifika uwanjani nanukia kama bwana harusi. Eedo hakuinama hata kuninusa.

"Mwanamume anajipaka uturi alfajiri kubeba maziwa? Nani amekufa?"

Mikono yangu ilikuwa nyuma, na mtungi wa kwanza ulikuwa hatua mbili tu kutoka pale niliposimama. Ningeweza kuubeba na kupita kwenye kelele zao. Badala yake nilisema, "Nilivuta jana, Eedo. Moja. Sigusi leo."

Aliyeinuka alikuwa Dekha. Nilidhani anakuja kuniambia yale ambayo hakuniambia mbele ya hoteli. Alifungua khanga iliyofunga kuni zake, akachagua kijiti chembamba, akakichonga ncha kwa kisu, akanipa.

"Mswaki," alisema. "Ni mti wangu. Hamu ikija, tafuna. Leo kaa hapa upanguse vifuniko, kesho utabeba."

Nikakaa nikapangusa vifuniko, natafuna, machozi yananitoka, nikisingizia moshi. Mdomo wangu ulikuwa na ile ladha ya mkate unaokaribia kuiva. Mti wa Dekha, ambao hakuwahi kumtajia mtu, ulikuwa katikati ya meno ya mtu aliyemharibia jina. Alinichongea kimoja kila asubuhi, mwaka mzima. Alhamisi nilimwambia Sista Mwende. Aliandika kwenye kitabu chake, akasema dawa hiyo haipo kwenye orodha ya serikali lakini nisiiache.

Sikuvuta tena. Ni miaka saba sasa. Nasema haraka hivyo kwa sababu siku nyingine zote zilikuwa za kawaida: maji, mswaki, mikono, pita. Hamu ilikuja mara nyingi na ikaondoka, na mara ya mwisho sijui ilikuwa lini, kwa sababu mtu haandiki siku ambayo kitu hakikuja. Binti yangu anapomwiga baba yake siku hizi, anahubiri habari za ndimu.

Baada ya ile miaka ya korona na barakoa mambo yalibadilika kidogo uwanjani. Eedo alimwachia Dekha kazi ya kunusa mitungi, akisema mgongo wake umekataa kuinama. Akabaki kuninusa mimi tu. Sikuwaza lolote. Nilimwelewa, mgongo ni mgongo.

Kwa hiyo nawaachia haya. Kitambaa, si mdomo. Magunia yalowe kabla ya jua, si baada. Kuni za mtu usizichanganye na za mwingine hata kama zinafanana. Na wewe ambaye unajificha nyuma ya tangi la maji kila saa nne, ukidhani moshi wa kuni unakuficha, nilikunusa tangu mwezi uliopita. Sitakutaja. Nenda kwa Sista Mwende Alhamisi, kisha mwambie Dekha unataka kijiti. Usiende mtoni.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Adeer Noor aliendesha pikap mpaka mlangoni kwangu kunichukua, heshima ambayo sijawahi kupewa, na sigara yake ilikuwa nyuma ya sikio, haijawashwa. Dekha alinipa miche miwili ya mti wake, mizizi imefungwa kwenye gunia bichi, nipande mwisho wa mistari ya ndimu. Nikaenda kwa Eedo, nikanyoosha mikono. Aliketi kwenye mtungi wake uleule, mkongojo magotini.

"Rubani, kaa kwanza. Nikuambie kitu, usikasirike. Pua hii ilikufa ule mwaka wa barakoa. Haikurudi. Sisikii harufu ya maziwa, sisikii ya uunsi wa kufukizia nyumba, sisikii ya kitu chochote."

Nilihesabu kichwani. "Eedo, ni miaka yote hiyo! Sasa kila asubuhi ulikuwa unanusa nini?"

"Nilikuwa naangalia kama utanyoosha mkono," alisema. "Ile siku ya uturi uliuficha nyuma. Siku zingine zote uliuleta mwenyewe."

Kina mama walikuwa wametukodolea macho, gari lilikuwa limewashwa, mitungi inagongana nyuma. Basi nikamnyooshea tena mikono yote miwili. Aliishika, akaisogeza mpaka kwenye ile pua yake, akavuta pumzi ndefu kuliko zote, taratibu, kulia kisha kushoto.

"Pita, Rubani."

Nikapita.